Ndugu Yangu Aliingia Shule kwa Jina Langu

Wasomaji wapendwa, mimi ni mama wa miaka sabini na tatu. Ninaishi hapa Durban, mtaa wa Umbilo, katika fleti ya mjukuu wangu Nadine, anayesuka nywele saluni na kuniita Koko, yaani bibi. Shule sikuisoma. Nadine ndiye anayeandika, mimi ninasema... na machozi yananitoka.

Nilizaliwa milimani, upande wa Bukavu, zamani za Wabeleji. Nikiwa na miaka kumi na minne, maisha yangu yalikuwa jembe na ng'ombe. Kukipambazuka nakamua Bihogo, kisha Kahanga, kisha Mugoli mwenye mateke. Nachota maji, naloweka mihogo, nalima maharage hadi jua linichome mgongo. Yote hayo nilifanya pamoja na Felisita, binti wa marehemu baba mkubwa. Alinipita mwaka mmoja, nikamwita Yaya, yaani dada mkubwa. Tulilala mkeka mmoja!

Mwaka ule Masera Godeliva, mtawa wa misioni, alitangaza kwamba kila nyumba itoe msichana mmoja aingie shule ya bweni, mwenye kadi ya ubatizo. Mimi nilikuwa nayo, imeandikwa jina langu, Anastazia. Felisita alikuwa bado hajabatizwa. Nilifurahi mpaka nikamwimbia Bihogo!

Lakini mtama ulikuwa umeiva, na ndege hawangoji mtu. Baba akasema nilinde shamba siku tatu kwanza. Ndipo Felisita akaniambia, "Mdogo wangu, nipe kadi niwapelekee masera, wasije wakampa mwingine nafasi yako. Wewe baki, wasalimie ndege!"

Tukacheka. Nikaitoa kadi kwenye jani kavu la mgomba nililoifungia... nikampa.

Siku ya nne nilifika misioni na kifurushi changu cha nguo. Masera akafungua kitabu, akasema Anastazia ameshaingia. Akamwita. Akatoka Felisita, amevaa sare!

"Huyu ni Felisita, ndugu yangu," alimwambia masera bila kupepesa jicho. "Anapenda kunifuatafuata."

Nililia njia nzima. Nilijua baba ataenda kunitetea. Mnajua alisema nini? "Mmoja wetu ameingia, inatosha. Mtama unataka mtu."

Kati ya hao wawili, nani aliniumiza zaidi? Mpaka leo sijui...

Felisita akawa muuguzi, akaolewa mbali, hata mazishi ya baba hakuja. Mimi niliolewa nikiwa na miaka kumi na sita, nikamzika mume wangu Deogratias, nikakimbia vita, nikafika huku.

Mwaka jana, 2012, kanisani kwetu walitangaza mgeni: Mama Anastazia, muuguzi mstaafu, amekuja kumtembelea mwanawe Prosper pale Greyville. Nikashtuka. Akasimama, mguu wa kushoto ukitazama nje vilevile kama utotoni... ni yeye!

Wakati wa chai nilimkaribia. Kabla sijafungua mdomo akapaza sauti, "Felisita! Kumbe ungali hai!"

Mama Riziki, anayegawa chai, akapiga makofi. "Eish! Koko wetu iko na majina mawili kama mwizi!" Watu wakacheka.

Felisita akaninong'oneza, "Nakuomba, usiniharibie jina mbele ya mtoto wangu."

Jina lake! Lipi? Lakini Prosper alikuwa ananiletea kiti kwa heshima, akiniita Mama Mdogo Felisita... Kosa lake yeye lilikuwa nini? Nikakipokea kiti, nikakaa.

Baada ya miezi mitatu Felisita aliugua, akafa. Jumapili ile padri akasema, "Tumwombee marehemu Anastazia, binti Bisimwa." Jina langu, na la baba yangu! Kanisa zima likaniombea mimi nipumzike kwa amani, nami nimekaa benchi la tatu. Nadine akanigusa, "Koko, itikia."

Nikaitikia amina.

Wasichana, karatasi yenye jina lako usimpe mtu akutangulie nayo, hata kama mnalala mkeka mmoja. Nenda mwenyewe, acha ndege wale mtama! Wazazi, msiseme mmoja anatosha. Na ukiibiwa, sema siku ile ile, maana ukinyamaza, hata msalaba wa kaburi utaandikwa uongo. Prosper mwanangu, ukisoma haya, nisamehe.

Mwaka mzima Nadine amenifundisha herufi. Maneno yote haya ameyaandika yeye, ila jina hapa chini nimeliandika mimi, kwa mkono wangu.

Anastazia binti Bisimwa