Mahindi ya Kungoja Watoto

Mimi Chepkorir wa Kedowa ni mkaidi. Najua, msinikumbushe.

Mume wangu Johana alipokuwa hai, mahindi yetu yalingoja Desemba. Hata yakikauka mapema, tuliyaacha shambani hadi watoto wafunge shule. Halafu tulivuna pamoja. Johana alikata mabua. Watoto wetu, Kipkirui na Fancy, walimenya huku wakigombana. Mimi nilileta ugali na mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, hapo hapo shambani. Haki, nazitamani sana siku zile.

Johana alifariki. Watoto wakapata kazi Nairobi. Lakini mimi niliendelea kuacha mahindi yangoje Desemba. Niliogopa kwamba nikivuna bila wao, hawatakuwa na sababu ya kuja.

Mwaka jana, mwanzo wa Oktoba, jirani yangu Maxine Amolo alipita shambani. Maxine hupima mvua katika kiwanda cha chai.

"Mama Fancy, vuna sasa," alisema. "Mvua kubwa inakuja."

"Ati mvua? Si unaona jua hili?"

"Setilaiti imeona bahari."

Nilicheka. "Wee Maxine! Bahari iko Mombasa, mahindi yangu yako Kedowa. Wapi na wapi?"

Yeye pia alicheka, akaketi kwenye nyasi.

"Setilaiti ni chombo kinachozunguka dunia huko juu angani. Kinapima joto la maji ya bahari. Mwaka huu bahari ya upande wetu ina joto zaidi kuliko kawaida. Ile ya mbali, mashariki, imepoa. Maji yenye joto hutoa mvuke mwingi, na upepo unauleta huku. Unakuwa mvua."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa, hapana. Ni dalili, lakini ni dalili kubwa. Hata redioni wametangaza. Mahindi yakinyeshewa sana yanaota kuvu. Kuvu nyingine ina sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika."

Mahindi hayo ndiyo chakula changu cha mwaka mzima. Lakini Desemba yangu je? Nililia mbele ya Maxine, bila aibu.

"Pole, mama," alisema. "Vuna, anika kwenye turubai, kisha uweke kwenye stoo iliyoinuliwa kutoka chini. Jumamosi nitakuja kukusaidia."

Tulivuna, nikaanika mpaka yakakauka vizuri. Mwisho wa Oktoba mvua ilianza, na haikuwa ya mchezo. Mahindi ya shemeji yangu Aron yaliozea shambani. Yangu yalikuwa stoo, makavu, nikamgawia.

Desemba, Fancy na Kipkirui walifika, matope hadi magotini. Hata chai sikuwa nimewapa, nikaanza kujitetea.

"Nimeshavuna, watoto wangu. Hakuna tena kazi ya kuwaitia."

Fancy alinishangaa.

"Mama, kwani tulikuwa tunakuja kuvuna? Kuvuna tunachukia! Tulikuwa tunakuja kwako."

Mimi Chepkorir, kwa mara ya kwanza, nilikubali kwamba nilikosea, nikaenda kuwapikia chai.