Baada ya Neno "Ila"

"Usinitajie mfumo, Profesa. Nataka mtu. Nani aliagiza Kisaili kiwakate watu maneno?"

"Punguza sauti, binti. Wagonjwa wanasikia."

"Wasikie. Angalau wao wana masikio."

Dkt. Sekela Mwaipopo na mkuu wake, Profesa Ngailo, walikuwa wamesimama katikati ya wodi ya majaribio jijini Mbeya. Pembeni yao Kisaili kilikuwa kazini: chombo cheupe, kidogo kama kitunguu, kilichoelea juu ya vitanda kikimhoji kila mgonjwa anayejaribiwa dawa mpya ya shinikizo la damu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na watu. Walichoka, wakakosea, wengine wakabuni majibu. Kisaili hakichoki. Jibu fupi na wazi hupata alama nyingi za ubora, na alama hizo huingia kwenye Ngazi, mtambo unaowapandisha watafiti vyeo bila upendeleo. Ndivyo walivyoambiwa.

Asubuhi hiyo Ngazi ilikuwa imempandisha Sekela kuwa mtafiti kiongozi. Bangili yake ya cheo ikawaka kijani, vigelegele vikapigwa, keki ikakatwa. Akaja wodini kuwashukuru wagonjwa, watu aliozoea kuwaona kama takwimu kwenye skrini. Akamkuta Mama Tupokigwe, mmoja wao, akipapasa meza kutafuta kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake.

Sasa Kisaili kilimfikia mama huyo.

"Hujambo, mama? Unaendeleaje leo?"

"Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu. Ila mach..."

"Asante. Siku njema." Kikaandika *hana dalili*, kikaelea kwenda kitanda cha pili.

"Umeona?" Sekela alisema. "Nani hapa kwetu akijuliwa hali anaanza na ugonjwa? Hata aliyevunjika mguu atasema sijambo kwanza. Ugonjwa unakuja baada ya 'ila'. Na chombo chenu kinakata hapo hapo. Na wewe, mtu uliyelelewa na bibi, unakiacha!"

Profesa alijifuta mdomo. Krimu ya keki ilibaki kwenye masharubu.

"Mwanzoni tuliwaacha waongee. Mtu anaulizwa kichwa, anasimulia kuku waliopotea. Alama zikashuka, vijana wangu wakaozea daraja moja. Nikaelekeza kipokee jibu la kwanza tu. Hiyo bangili unayoringia imetokea hapo."

Sekela aliitazama bangili.

"Ulijua kuwa dawa inawaharibu macho?"

"Nilisikiasikia. Tukishachapisha matokeo, tutafuatilia."

"Mkishachapisha! Huku dozi zinaendelea?"

"Ukisimamisha jaribio leo, Ngazi itakushusha mpaka chini kabisa. Una watoto wanasoma, Sekela. Fikiri kama mama."

"Usiwataje wanangu na hiyo krimu mdomoni. Unatia kinyaa. Na mimi nimeila keki hiyo hiyo."

Ni mtafiti kiongozi peke yake aliyeweza kusimamisha jaribio. Sekela aliinua mkono mpaka bangili ikagusa midomo.

"Mimi Sekela Mwaipopo, mtafiti kiongozi. Simamisha jaribio sasa hivi. Dawa inadhuru macho, na rekodi zetu zimekatwa makusudi."

"Sekela!"

Vigawadawa vilivyofungwa kwenye vitanda vikaanza kujifunga, tak, tak, tak, kitanda kwa kitanda mpaka mlangoni. Kisaili kikashuka sakafuni na kutulia kama kitu kilichodondoka sokoni. Bangili ikafifia, ikawa kijivu. Sekela akaivua, akaitupa kwenye ndoo ya pamba chafu, akamgeuzia Profesa mgongo na kuvuta kiti.

"Hujambo, mama?"

Mama Tupokigwe aligeuza uso kuelekea sauti ilipotoka.

"Sijambo, mwanangu. Namshukuru Mungu."

Sekela akangoja.

"Ila macho," mama akasema.