Namba Sikioni mwa Kande

Tusa ana mbwa. Anaitwa Kande, kwa sababu ana rangi ya kande, mahindi na maharage: nyeupe hapa, kahawia pale.

Gwamaka, mtoto wa jirani, naye ana mbwa. Anaitwa Debe. Debe na Kande ni ndugu, mama yao mmoja.

Wanafanana! Pua ile ile. Mkia ule ule. Madoa yale yale. Hata mimi ninayewasimulia huwa nachanganyikiwa.

Ukiita "Kande!" wanakuja wote. Ukiita "Debe!" wanakuja wote. Ukiita "Chakula!" ndiyo usiseme.

Na hapa kwetu Tukuyu mvua hainyeshi kidogo. Mbwa hucheza matopeni, chubwi, chubwi! Wakirudi, wote weusi.

"Huyu wangu, yule wako!" husema Tusa.

"Wapi! Yule wangu, huyu wako!" husema Gwamaka.

Jioni moja kila mtoto alichukua mbwa, akaenda kwao.

Usiku mbwa mmoja akalia. Uuuu! Uuuu!

"Mbwa wa watu huyo," akasema Tusa. Akajifunika blanketi, akalala.

Asubuhi Mama alifungua mlango. Mbwa akachomoka mbio kwenda kwa kina Gwamaka! Na mbwa wa kule akaja mbio kwa kina Tusa.

Lo! Tusa alilala na Debe. Aliyelia usiku ni Kande!

Tusa akamkumbatia Kande, akalia sana. "Nisamehe. Nilikusikia, sikujua ni wewe."

"Usilie, mwanangu," akasema Mama. "Tumwekee alama, kama kuku wangu."

Kuku wa Mama wana kitambaa chekundu mguuni. Kande naye akafungwa kitambaa chekundu mguuni.

Kande akakitafuna. Nyam, nyam. Kimeisha.

Tusa akampaka rangi ya bluu mkiani. Mvua ikanyesha. Chwaaa! Rangi imekwenda.

"Huyu wangu, yule wako!"

"Wapi! Yule wangu, huyu wako!"

Ndipo akaja Daktari Sekela, daktari wa mifugo, kuchanja mbwa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmenuna?"

Wakamweleza. Daktari akacheka.

"Zipo alama ambazo mbwa hawezi kuzitafuna," akasema. "Chipu ni ndogo kama punje ya mchele. Naiingiza chini ya ngozi kwa sindano, mchomo mmoja tu. Haionekani, lakini mashine yangu inaisoma."

"Na nyingine?" akauliza Tusa.

"Tatuu. Naandika namba ndani ya sikio kwa wino. Ukifunua sikio, unaiona. Ila baada ya miaka mingi wino unaweza kufifia. Chagueni."

"Chipu!" akasema Gwamaka. "Nataka ya mashine!"

Mchomo mmoja! Debe akapata chipu. Mashine ikamsoma. Ti-ti-tiii! Gwamaka akaruka kwa furaha.

Tusa akafikiri. Mashine ni nzuri. Lakini Daktari akiondoka, mashine nayo inaondoka.

"Mimi nataka ile ninayoiona mwenyewe," akasema. Kisha akamshika Kande shingoni. Aliogopa. "Ataumia?"

"Nitamlaza kwa dawa kwanza. Akiamka, sikio litamuuma kidogo, kisha litapona."

"Basi tatuu," akasema Tusa polepole.

Kande akalala. Akaamka akitembea pepesu, pepesu. Ndani ya sikio lake kulikuwa na namba za kijani.

"Yako haina hata mlio!" akacheka Gwamaka.

Tusa alimletea Kande maji.

Sikio likapona. Mvua ikanyesha tena. Mbwa wakacheza matopeni, chubwi, chubwi! Wakarudi, wote weusi.

Tusa akafunua sikio la mbwa mmoja. Hakuna kitu.

"Gwamaka! Huyu wako!"

Gwamaka akafunua sikio la mbwa wa pili. Namba za kijani!

"Tusa! Huyu wako!"

Wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyesema "Wapi!"

"Kumbe sikio tupu nalo ni alama," akasema Gwamaka. "Na hatukuhitaji mashine!"

Usiku ule Debe alilala kwa kina Gwamaka. Kande alilala miguuni pa Tusa, akikoroma. Khrooo! Khrooo!

Tusa alichelewa kupata usingizi kwa kelele zile. Lakini alitabasamu gizani, kwa sababu aliyekuwa anakoroma alikuwa Kande.