Joho Jekundu la Miska

Kitambaa kilifuliwa mara mbili kwenye mashine, na bado kilinuka ubani. Mardhiya alikinusa tena, akapiga chafya, akaona hapana neno. Mtoto anakwenda kutisha watu, si kuposwa.

Ilikuwa Halowini ya mwaka 1998, Ilford, siku ya watoto kuvaa vya kutisha na kuomba peremende mlango kwa mlango, na Miska, mwenye miaka sita, alikuwa amelia siku tatu. Shilpa wa nyumba ya pili amenunuliwa vazi la kichawi, yeye je? Mardhiya hakuwa mtu wa kununua nguo ya kuvaliwa saa moja. Mama mkwe wake, Bi Afra, alikuwa amekwenda hitimani Tooting, na juu ya kabati lake kulikuwa na sanduku la bati alilotoka nalo Pemba. "Lisiguswe," alikuwa akisema kila siku. Mardhiya, aliyelelewa hapa hapa London, alidhani bibi kaficha dhahabu. Alichokikuta ni kitambaa chekundu chenye pindo nyeusi, akakifunga kwa pini shingoni mwa mwanawe, likawa joho.

Mwisho wa Oktoba magharibi ya London huingia saa kumi na nusu. Kwa Bi Afra, saa hiyo watoto huitwa ndani. Kwa Waingereza, siku hiyo ndiyo kwanza hutolewa nje.

Mlango wa kwanza, Miska na Shilpa walipiga kelele, "Trick or treat!" wakapewa chokoleti. Mlango wa pili, Miska alibaki nyuma.

"Mummy, I'm cold," alisema. Mardhiya akamshika mkono. Ulikuwa wa moto.

Mlango wa tatu ulifunguliwa na mzee mwenye mbwa. Mbwa alimtazama Miska, akarudi nyuma ya miguu ya bwana wake, akakojolea zulia. Mzee akacheka kwa aibu, akanyoosha bakuli la peremende. Shilpa alichota mbili. Miska aliliangalia bakuli, akamwangalia mzee.

"Peremende za nini? Niletee ubani."

Mardhiya akageuka kumtazama mwanawe. Miska alikisikia Kiswahili, lakini tangu azaliwe alijibu kwa Kiingereza tu, na sauti hii ilikuwa ya mtu mzima, nzito, yenye lafudhi ya Pemba.

Alimrudisha Shilpa kwao bila kumweleza mama yake kitu, akambeba Miska mbio, na mtoto aliyekuwa mwepesi asubuhi sasa alikuwa mzito kama gunia la mchele, na harufu ya ubani ikawafuata kona hadi kona, mpaka mlangoni kwao.

Bi Afra ndiyo kwanza karudi, koti bado mwilini. Alipoliona joho, aliketi kwenye ngazi.

"Nani kamvisha?" alinong'ona.

"Mimi, mama. Nilidhani..."

"Hiyo ni nguo ya jini. Alinikalia miaka kumi na mmoja, mie nikiwa kiti chake. Ukimvisha mtu nguo ile, umempa jini kiti."

Mardhiya alichomoa pini. Kitambaa hakikubanduka. Miska akatabasamu kwa adabu.

"Ahsante kwa kiti," alisema. "Kidogo, lakini kipya."

Aliyemfungia jini yule sandukuni alikuwa Fundi Muhiddin, mganga wa Wete, huko Pemba. Kadi ya kupigia simu ng'ambo ilikuwapo droo ya jikoni; wakampigia, na sauti ya mama wa Kizungu ya kwenye kadi ikatangaza kuwa zimebaki dakika saba. Wakaweka simu kwenye spika, karibu na sikio la mtoto, na fundi akasoma, na kadiri alivyosoma Miska alitetemeka juu ya zulia, vioo vya madirisha vikaingia ukungu, taa ya jikoni ikawaka ikazima, na huko nje watoto wa watu walikuwa wanacheka na kugonga milango kana kwamba duniani hakuna cha kuogopwa.

"Amekubali kutoka," fundi alisema. "Lakini atakuomba pa kwenda. Mardhiya, usimjibu mpaka nikufundishe neno. Mwambie..."

Simu ikakatika. Dakika zimekwisha.

"Nimekubali," ilisema ile sauti. "Nende wapi? Sandukuni sirudi. Nikikosa pa kwenda, nabaki."

"Nyamaza, mwanangu," Bi Afra alimnong'oneza Mardhiya, akipapasa mkoba wake. "Nakwenda dukani kwa Kanti, nachukua kadi nyengine."

"Mama, mtoto hapumui."

"Dakika tano tu!"

Mardhiya alikiona kifua cha Miska kikishuka, na hakikupanda. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alishika joho, na safari hii lilimfuata bila taabu. Akajitanda mabegani.

"Karibu," alisema.

Miska akakohoa, akafumbua macho. "Mummy, where are my sweets?"

Bi Afra hakwenda dukani tena. Alimpa mtoto maziwa, akamlaza, kisha akarudi na chetezo cha ubani, analia. Akamkalisha mkaza mwanawe kwenye kochi, akawa anamwelekeza taratibu, kama anayemfunda bi harusi.

"Ijumaa hali samaki. Kahawa yake haitiwi sukari. Na baridi haiwezi." Akainuka, akaongeza hita mpaka mwisho.

Mardhiya, ambaye kwa miaka minane hajawahi kumwita mama mkwe wake kwa jina, alijifunga joho vizuri.

"Hujasahau, Afra," alisema.