Jiwe la Kupozea Hab

Hab ilikuwa ya baridi. Nurdin aliigusa mara mbili, saa sita mchana, printa inatema karatasi na flashi nne zimechomekwa, akahisi ubaridi wa samaki aliyetoka kwenye barafu. Akacheka peke yake.

Hab, kwa asiyeijua, ni kile kidude chenye matundu mengi kinachoiwezesha kompyuta moja kubeba printa, skana, kibodi na flashi za wateja. Ya Nurdin, katika steshenari yake ya Kilwa Masoko, chini ya bati, ilikuwa ikichemka mpaka plastiki inanuka, kisha kila kitu kinakata. Na ilikuwa wiki ya maombi ya vyuo, foleni imefika barabarani.

Dawa aliipata kijijini Pande, alipokwenda kumsalimia mama yake. Kule kuna pango ufukweni ambako watu wa kwao hupeleka wenye homa. Mgonjwa huegemeza paji la uso kwenye jiwe bapa, huacha ubani na kitambaa cheupe, hurudi nyumbani amepoa. Nurdin mwenyewe alipelekwa utotoni. Mwingine angeogopa hata kulikanyaga. Nurdin wetu, kwa ujuaji wake, alibandua kipande, akakitia mkobani na kuja kukilaza chini ya hab. Kama linapoza watu, litashindwa na plastiki?

Jioni ile binti yake Somoe, wa miaka sita, alikataa kula.

"Baba, nasikia joto."

Hospitali walimpima damu, hawakuona kitu. Wakampa dawa ya kushusha homa, haikushuka. Siku ya pili dukani kukaanza kunuka matope ya pwani maji yakiwa yametoka, na chini ya meza, ilipo hab, kukawa na sauti, chwaa, kama maji yaliyomwagikia kikaango cha moto. Nurdin aliinama. Jiwe lilikuwa linatoka jasho, na jasho lile lilikuwa la chumvi.

Mkewe alitoka chumba cha nyuma, wanakoishi, akamnong'oneza wateja wasisikie.

"Baba Somoe, umeme ukikatika mtoto anapoa. Ukirudi, anapanda. Nimeangalia tangu asubuhi."

"Usinitie woga, mama Somoe."

"Basi chapa ukurasa mmoja, usikilize."

Akachapa mmoja, na nyuma ya pazia mtoto akalia. Akachapa wa pili, akalia tena. Akachapa wa tatu kwa kutoamini, na harufu ya matope ikapanda mpaka wateja wakaanza kuziba pua na kuulizana, na kilio cha Somoe kikawa kinaanza karatasi inapoingia na kukoma karatasi inapotoka, mpaka Nurdin akazing'oa nyaya zote kwa pamoja, akalibeba jiwe na kulitupa uani, akasubiri mtoto anyamaze. Safari hii hakunyamaza. Aliogopa, na hakuona aibu kuogopa.

Alimpigia mama yake simu, akamweleza yote. Kabla ya adhuhuri ya kesho yake Bi Tawakali, mganga wa Pande, akashuka kwenye bodaboda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mlipolichukua, mliomba?"

"Sikuomba," akasema Nurdin, akamwonyesha jiwe uani.

Bi Tawakali akafukiza ubani, akalileta jiwe karibu na mkeka wa Somoe. Mtoto akafumbua macho. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu mzima, ya upole, na upole ule ndio uliomtoa mama yake machozi.

"Mimi napewa joto. Nikipewa, lazima niweke mahali."

"Pangoni unaweka wapi?" akauliza Bi Tawakali.

"Baharini. Maji yanaingia kila siku, yanachukua."

"Na hapa?"

"Hapa maji hayafiki. Nimemwona mtoto."

"Mwachilie."

"Nimpe nani?"

Bi Tawakali akawageukia wazazi. "Mwenye jiwe namrudisha pangoni leo. Joto hili siliwezi. Lazima lipate mwenyewe, na atakayelipokea kwa hiari yake halimtoki tena."

Mama Somoe akafungua kinywa. Nurdin akamziba kwa kiganja.

"Nipe mimi," akasema. "Kosa ni langu."

Chwaa. Somoe akatokwa na jasho mwili mzima, akaomba uji. Jioni jiwe lilikuwa pangoni, maji yakilifunika.

Nurdin hakuugua. Anakula, anacheka na wateja, na hab mpya inafanya kazi yake. Alirudi Pande mara tatu kuegemeza paji la uso, na mara tatu aliondoka na moto wake. Wateja wanasema karatasi za kwake ukipokea zina joto la printa, naye anawaacha waseme hivyo. Usiku analala uani.

Siku Somoe alipopata nguvu za kurudi shule, alikuja mbio mchana na sare yake, akamrukia baba yake shingoni kabla hajawahi kumkwepa. Mtoto alipiga ukelele uliowatoa majirani. Shavu lake likavimba malengelenge.

Sasa anapotoka shule anasimama mlangoni, mikono ameificha nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," anajibu Nurdin, na kurudisha kiti chake nyuma mpaka kinagusa ukuta.