Binamu Asiyeshika Theluji

Theluji ilianguka usiku kucha. Kulipokucha ilikuwa imefunika malori, milundo ya mbao, choo cha plastiki, hata nyaya za uzio. Kitu kimoja tu kiwanjani hakikuwa na theluji. Kitu hicho ni Binamu.

Binamu hakuwa mtu. Alikuwa mbao mbili zilizopigiliwa kama msalaba, ule wa kukingama ukiishia mabegani, zikavishwa kizibao cha njano kinachong'aa na kujazwa sufi ya kuzibia baridi kutani. Kichwa chake kilikuwa ndoo ya rangi yenye kofia ngumu juu. Asubuhi hiyo mabega yake yalikuwa makavu, kama ya mtu aliyetoka ndani sasa hivi.

Muthanna, dereva wa lori la kifusi, alivua glavu akayagusa.

"Ami Jabr," aliita. "Njoo uone. Huyu ana joto."

Jabr ndiye aliyesimamia ujenzi wa ghorofa lile pale mjini Hamtramck, ughaibuni, na nusu ya wafanyakazi walikuwa ukoo wake kutoka kwao Ibb. Alivaa kofia nyeupe isiyojua vumbi. Maneno ya usalama alikuwa nayo mengi, ila aliyabandika yote ukutani ili yasimsumbue kichwani.

"Ana joto kwa sababu anafanya kazi," alisema. "Nyinyi mnakunywa chai. Katika ukoo mzima, huyu ndiye binamu pekee asiyeomba ruhusa ya kwenda harusini."

Watu wakacheka, kama wanavyocheka watu mzaha wa yule anayewapa kazi.

Mahali aliposimama Binamu palikuwa pa Wadha, dada yake Muthanna. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya lori linaporudi rivasi, kuwaondoa watu njiani na kumwongoza dereva kwa mikono. Sheria ilikuwa moja: dereva asipomwona Wadha kwenye kioo, asimame. Wadha hakuwa na haraka. Hata paka akipita, alipuliza filimbi, na lori likangoja. Jabr alikuwa akisaga meno.

Wadha alipokwenda kujifungua, Jabr hakuweka mtu mwingine. Alichukua kizibao cha Wadha akazivisha mbao.

"Mkaguzi akipita barabarani anatazama nini?" alisema. "Njano. Basi apewe njano."

Akajiona mjanja. Watu wa namna yake wapo: ukimwomba mlango, atachora mlango ukutani, kisha akuulize kwa nini huingii.

Madereva nao walizoea upesi. Walitupia kioo jicho, wakaona njano, wakarudi nyuma. Macho yao yalisahau kwamba ndani ya njano hapana mtu.

Baada ya theluji ile mambo yakaongezeka. Kando ya Binamu palianza kunuka nywele zilizoungua. Wakati wa swala ya Alasiri, watu wakiwa wamesujudu juu ya maboksi, walisikia kokoto zikisagika nyuma yao, taratibu, kama mtu anayetembea kinyumenyume. Walipotoa salamu hakuna aliyegeuka zaidi ya inavyotakiwa.

"Jana aliinua mkono," Shuaif, dereva wa lori la pili, alimnong'oneza Muthanna.

"Hana mkono yule."

"Ndiyo maana nakwambia."

Siku iliyofuata, kabla ya Magharibi, theluji ilianguka tena, na Muthanna akaanza kurudi rivasi kuelekea shimo la msingi, akatazama kioo cha pembeni, akamwona Binamu amesimama mahali pake, na mkono wake, mkono ambao haukuwapo, ukimwita polepole, njoo, njoo, bado, njoo, na harufu ya nywele ikajaa chumba cha dereva ingawa vioo vilikuwa vimefungwa, na mguu wake ukawa unatii kama mguu wa mtu mwingine, mpaka alipokumbuka kwamba dada yake hakuwahi hata siku moja kumwita kwa mkono mmoja, sikuzote aliinua yote miwili ili dereva aone hakuna alichoficha.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Alishuka akikimbia. Nyuma ya gurudumu, karibu kiasi cha kuligusa, alisimama Wadha, mtoto amefungwa kifuani ndani ya koti. Alikuwa amekuja kumuuliza Jabr atarudi lini kazini, maana simu zake hazikupokelewa.

"Wewe umefuata nini hapa?" Muthanna alifoka.

"Niliitwa," Wadha alisema. "Mwelekezaji wenu alinionyesha nipite. Alinionyesha kwa mkono, kaka."

Wakatazama. Msalaba ulikuwa umesimama bila mkono, theluji ikianguka pande zake zote.

Hapo ndipo Muthanna na Shuaif walipozima malori na kumleta Hajja Taqiyya, aliyewasomea watu dua nyumbani kwake mtaa wa pili. Alimzunguka Binamu, akamsomea, akamtemea maji. Kisha akamgeukia Jabr.

"Ulimpa nguo?"

"Ni kizibao tu, Bi Hajja."

"Ukampa kofia. Ukampa kazi. Ukampa na jina la ukoo wako. Jini hakuvunja mlango, mwanangu. Uliweka kiti, akakaa. Hata yeye nadhani alishangaa kuajiriwa rahisi hivyo."

Safari hii watu walicheka kwa moyo.

"Choma kila alichovaa," alisema Hajja. "Kisha hapa asimame mtu mwenye pumzi."

Wakachoma. Mbao zililia motoni kwa sauti nyembamba ya filimbi, kisha zikanyamaza. Jabr, kwa aibu, alimrudisha Wadha kazini mbele ya wote.

Lakini ubahili haufi kwa aibu ya siku moja. Kofia ya Binamu ilikuwa bado nzima, pembeni mwa moto. Watu walipokwenda kunawa, Jabr aliichomoa kwenye rundo kabla haijashika moto, akaifuta kwa mkono wa koti lake, akaitia garini.

Asubuhi iliyofuata theluji ilianguka nzito. Ilikaa juu ya Muthanna, juu ya Shuaif, juu ya kizibao kipya cha Wadha. Jabr aliwasili akashuka, kofia ile kichwani, akaenda moja kwa moja mpaka mahali pa Binamu. Akasimama. Akainua mkono mmoja.

Wadha alitazama mabega yake. Yalikuwa makavu.

Akapuliza filimbi kwa nguvu zote za kifua chake, na malori yote yakazimwa.

Shuaif aliulizwa baadaye kama uso wa Jabr asubuhi ile ulikuwa tofauti. Akafikiri sana. Akasema hapana, asingeapa. Ndani ya kofia ya Jabr, siku zote hapakuwa na mtu.