Sauti ya Mtu wa Taa

Siku Emmett alipozikwa, mazoezi hayakuahirishwa. Tuzo za chuo huandaliwa na wanafunzi wenyewe, na ukumbi ulishapangwa. Maura, dada yake, alirudi Boston akiwa bado na viatu vya msibani, akaketi kwenye kiti chake cha msimamizi wa jukwaa, akavaa spika za masikioni zenye kipaza sauti, akatangaza muda uliobaki kabla ya pazia:

"Dakika tano."

Jukwaani kila aliye kazini hujibu, ijulikane amesikia. Hata mmoja akikaa kimya, pazia halifunguliwi.

"Mavazi. Asante, tano."

"Kamera. Asante, tano," alijibu Gideon, mpenzi wake, yule aliyemkanyagia waya katika msukumano wa nyuma ya jukwaa, wakajuana kwa ugomvi.

Taa, kimya. Hapo ndipo pengo lilipoonekana. Kiti cha taa kilikuwa cha Emmett.

Kisha sauti ya Gideon ikaja tena, taratibu: "Taa. Asante, tano."

Maura alizivua spika akatoka nje. Gideon alimkuta ngazini, theluji ikimwangukia nyweleni.

"Unamwigiza kaka yangu?"

"Hapana, mpenzi. Kile kimya kilikuwa kinakumaliza."

"Kilikuwa kimya changu! Niapie hutamjibia tena."

"Naapa."

Tangu hapo wakawa wanapishana kwenye korido kama wapangaji wasiojuana.

Asubuhi ya tuzo simu ililia.

"Maura, wamenihamishia kwenye taa. Emmett ndiye aliyenifundisha, hakuna mwingine anayeijua mitambo yake. Nimeona heri uyasikie kwangu."

"Sawa."

"Umekula?"

"Gideon, usianze."

"Nimekuachia kahawa ya barafu mlangoni."

"Na theluji yote hii?"

"Ndiyo maana barafu haijayeyuka."

Maura alikata simu upesi, asije akasikika akicheka.

Jioni wageni walifurika, magauni yakimetameta, vijana wakijikuna shingo kwa tai za kuazima. Maura alikuwa amevaa nyeusi tupu, kama kila afanyaye kazi gizani.

"Dakika tano."

Mavazi wakajibu. Kamera wakajibu. Taa, kimya.

"Taa?"

Kupitia kioo cha chumba cha taa alimwona Gideon kwenye kiti cha Emmett. Alikuwa ameinua mkono kuonyesha amesikia, lakini midomo ameibana.

"Maura, tunafungua au hatufungui?" mtu wa pazia aliuliza.

Angeweza kuuhesabu ule mkono kuwa jibu, na kimya cha Emmett kikabaki pale alipokiacha. Aliutazama. Ulikuwa bado juu, ukimngoja.

"Gideon, nijibu."

"Uliniapisha."

"Nimekufungua kiapo. Jibu kwa sauti yako. Ya kwake ninayo."

Akasikia pumzi ndefu masikioni.

"Taa. Asante, tano, mpenzi."

"Jamani, na sisi tunasikia huku!" mtu wa mavazi alilalama, na wote waliovaa spika wakacheka. Maura alicheka nao, akifuta macho kwa mkono wa shati.

"Kahawa uliinywa?" Gideon alinong'ona.

"Yote. Haya, dakika zimekwisha. Mtu wa pazia, fungua."

Siku hizi Gideon ndiye mtu wa taa. Mto wa kukalia aliouacha Emmett haujaondolewa kitini, anaukalia.